Msiba wa Mzee Isidori

Mimi kelele nazijua. Nimeuza ndoo na mabeseni Mtaa wa Narung'ombe miaka thelathini na nane, kwa hiyo usije ukanidhania mtu wa kushtushwa na spika. Mbele ya duka langu kuna jamaa wenye vipaza sauti. Wanajirekodi "kila kitu buku, kila kitu buku," yaani elfu moja, halafu wanakiacha kipaza kiimbe chenyewe kutwa nzima, wao wamekaa pembeni wanatafuna mihogo. Wapagazi wanapiga miluzi, mikokoteni inapita juu ya vidole vya watu, matusi hayana likizo. Sijawahi kulalamika hata siku moja. Kariakoo ndiyo hiyo, aliyeichoka ahamie Kibaha.

Lakini Jumapili ni Jumapili, bwana. Jumapili maduka mengi yanafungwa, mtaa unafagiliwa, unaweza hata kusikia kunguru. Na Jumapili saa kumi jioni simu yangu inalia. Ilikuwa inalia, niseme ukweli.

Anayepiga ni Angela, mwanangu wa pekee. Yuko Kanada mwaka wa tisa huu, anatunza wazee wa watu kwenye nyumba yao maalumu. Huku ikiwa saa kumi jioni, kwao ndiyo kwanza saa moja asubuhi, anapiga kabla hajaingia kazini. Mama yake, marehemu Joyceline, tulimzika Rombo, kihambani, kwenye shamba la ukoo wetu, miaka sita iliyopita. Angela alikuja siku nne akarudi, na tangu hapo nyumba hii ya vyumba sita nimebaki nayo peke yangu. Vyumba vitano vimejaa ndoo. Jumapili nikitoka kanisani nakula, nalala kidogo, saa tisa naoga, navaa shati la kola, nakaa kwenye kiti cha dirishani na simu mkononi. Najua simu haionyeshi shati. Navaa tu.

Tulikuwa tunaongea nusu saa nzima. Namuuliza amekula nini, baridi ikoje, anakuja lini. Anasema mwakani, baba. Basi nalala vizuri siku hiyo.

Sasa, ukuta wangu wa nyuma unapakana na kiwanja cha Ubeid. Ubeid ni mjukuu wa Mzee Muaz, Mwarabu aliyekuwa anauza vitambaa hapa kabla mimi sijafika mjini. Mtoto nimemwona anakimbia uchi mtaani. Kiwanja hicho miaka yote kilikuwa stoo ya marobota. Miezi saba iliyopita akayatoa marobota, akabandika vigae, akatundika mapazia na taa za rangi, akaweka spika nne, kila moja kimo cha friji. Mlangoni akaandika Ukumbi wa Nour, jina la binti yake. Harusi, vipaimara, bethidei za watoto wa mwaka mmoja wasiojua hata wanafanyiwa nini. Na siku yao kubwa, kama umeshakisia, ni Jumapili mchana mpaka jioni.

Jumapili ya kwanza Angela alipiga saa kumi kama kawaida.

"Baba, huko kuna nini?"

"Harusi ya watu."

"Nini?"

"Harusi! Ubeid kafungua ukumbi!"

"Sikusikii baba. Kelele. Nitakupigia baadaye."

Hakupiga baadaye. Jumapili iliyofuata nikaingia na simu chooni, nikafunga mlango. Sikio langu la kushoto lilishakufa zamani, nasikia na la kulia tu, nikalibana na simu mpaka likauma. Huko ukutani mshereheshaji anapiga makelele mikono juu, mikono juu, utadhani anakamata wezi. "Kelele baba, kelele," Angela akasema, akakata. Nusu saa ikawa dakika tano. Dakika tano zikawa moja. Mwezi wa tano tangu ukumbi ufunguliwe akaacha kupiga kabisa, akawa ananitumia picha ya ua jekundu limeandikwa Jumapili njema, zile picha ambazo watu wanatumiana makundi kwa makundi bila hata kuziangalia.

Nilimchukia Ubeid, nakwambia. Nilimchukia mpaka nikaungama kanisani, na nilipotoka kuungama nikaendelea.

Nilimfuata siku ya kwanza kabisa, pale mlangoni kwake.

"Shikamoo, Mzee Isi."

"Marahaba. Zima."

"Nizime nini tena, mzee wangu?"

"Hayo madude. Leo Jumapili."

"Mzee, watu wanaoa."

"Waoe kimya kimya!"

Akacheka, akanishika bega. Eti niingie ndani nile pilau. Nikamwondoa mkono. Tangu siku hiyo kila Jumapili saa nane ananitumia sahani ya pilau imefunikwa vizuri, na kila Jumapili naichukua naipeleka kwa mlinzi wa ghorofa la ng'ambo. Yule mlinzi amenenepa.

Nikaanza kuandika barua. Mwenyekiti wetu wa mtaa alicheka mpaka akakohoa: "Mzee Isidori, Kariakoo hii unashtaki kelele?" Nikamwacha na kicheko chake nikaenda manispaa. Na mimi si mjinga, nimeshughulika na leseni miaka yote hiyo. Nikaomba kuona kiwanja cha jirani yangu kimeruhusiwa nini. Nikakuta kimeandikwa makazi na bohari. Bohari! Hakuna mahali palipoandikwa ukumbi, hakuna palipoandikwa mikono juu. Kubadili matumizi ya kiwanja kuna taratibu zake, majirani wanaulizwa, na mimi jirani wa ukuta mmoja sikuulizwa na mtu. Nikatoka pale natembea kama kijana.

Ofisa aliyepewa jalada langu alikuwa kijana mpole anaitwa Aaron. Akaniambia, mzee, nitakuja na kifaa cha kupimia sauti, Jumapili, muda huo huo wa kelele. Na siku hiyo hiyo tutafanya kikao na majirani, kila mmoja aseme lake, kisha mimi nitaandika ripoti. Akanipa tangazo nilibandike mlangoni kwangu, barua nyingine akampelekea Ubeid. Kikao kifanyike mbele ya nyumba yangu, mimi mlalamikaji niandae pa kukaa watu.

Tangazo nilibandika Jumatatu. Jumatano mtu akabandika juu yake la chumba cha kupanga, Ijumaa mwingine akabandika la dawa ya nguvu za kiume. Mimi sikuliona hilo, maana mlango wangu mwenyewe ninautazama wa nini? Nilikuwa naandika maelezo yangu. Kurasa mbili, mwandiko safi.

Jumamosi nikampigia Abdulrazak, yule anayekodisha viti na maturubai.

"Nataka turubai moja na viti hamsini, mbele ya nyumba, kesho asubuhi."

"Sawa mzee. Spika?"

"Spika za nini! Sitaki spika hata moja."

"Mapambo je?"

"Wewe Abdulrazak una akili? Mapambo ya nini?"

Sauti yake ikashuka. "Pole sana, mzee wangu."

"Asante," nikamwambia. "Limenisumbua siku nyingi. Kesho tunalimaliza."

"Mungu akutie nguvu."

Nikasema, tazama, hata huyu muuza sherehe anaelewa.

Kilichokuwa kinanitisha usiku ule ni vile viti hamsini. Niliviagiza kwa hasira, unajua, kumwonyesha Ubeid. Lakini nikalala nikiona picha: Aaron kakaa kimoja, mimi kimoja, arobaini na nane vitupu, wapita njia wanatuangalia. Kwangu nani anakuja? Tangu Joyceline afe, mtu anayegonga mlango wangu ni msoma mita.

Asubuhi nikaenda misa ya kwanza, simu nikaizima kama kawaida, nikabaki kwenye kikao cha jumuiya. Narudi saa tano, nakata kona ya mtaa, nasimama.

Watu! Viti vimejaa, na wengine wamesimama. Kina mama wametandika mikeka barazani, wengine wanafagia mbele ya nyumba yangu. Chiku, mama lishe wa jirani na duka langu, yule wa wali maharage, ameshawasha moto kwenye mafiga, sufuria kubwa juu. Wenye maduka ya mabegi, wauza vitenge, wapagazi watatu ninaowafahamu kwa sura tu. Hata wale wa kila kitu buku wamekuja na vipaza vyao vimezimwa. Nikajisemea moyoni, kumbe watu wote hawa wanakerwa na kelele za Ubeid, na mimi nilijiona niko peke yangu. Nilikaribia kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Chiku akaja kunipokea, akanishika mikono yote miwili.

"Pole, baba yangu. Pole sana."

"Asante, Chiku. Nimeteseka mno."

"Ilianza lini hasa?"

"Miezi saba sasa."

"Miezi saba! Na hukutuambia!"

"Ningemwambia nani? Kila mtu ana hekaheka zake. Mimi yote haya ni kwa ajili ya Angela wangu tu. Miezi saba sijamsikia vizuri mwanangu. Basi, leo yanaisha."

Chiku akajiziba mdomo kwa ncha ya khanga, machozi yakamtoka. Nikaona huyu mama ana roho ya pekee. Akaenda kwenye mikeka akawanong'oneza wenzake, na wao wakashika mashavu.

Basi wakaanza kunipa mkono, mmoja mmoja, mstari mzima. Pole mzee. Pole sana mzee. Poleni. Na mimi nawajibu nimeshapoa, nimeshapoa, tumshukuru Mungu. Nilikuwa nimevaa shati langu la kola. Siku nyingi sijashikwa mkono na watu wengi hivyo. Nilipokaa kiganja kilikuwa cha moto.

Kama saa saba akafika Candida. Huyu ni mtu wa kwetu Rombo, ana duka la vitenge Mtaa wa Congo, na ndiye katibu wa kundi letu la simu la watu wa Rombo walioko Dar na popote pale. Amekuja na wanawake sita wa kwetu. Alinikumbatia akalia begani kwangu, shati likalowa.

"Sikuulizi kitu, Isidori," akasema. "Utasema mwenyewe ukipata nguvu."

"Nitasema," nikamwambia. "Nimeandika kabisa. Kurasa mbili."

Akalia zaidi.

Saa nane Aaron akatokea na kibegi chake. Akalitazama turubai, akavua kofia, akaja mpaka nilipo amejikunja.

"Pole, mzee. Sikuwa na habari. Mambo yetu yale tutayapangia siku nyingine."

"Siku nyingine ya nini? Toa kifaa upime!"

"Mzee, kwa leo... na isitoshe kumetulia."

Hapo ndipo nilipogundua. Kumetulia! Saa nane na nusu ya Jumapili, na ng'ambo ya ukuta hakuna spika, hakuna mikono juu, hakuna kitu. Kulikuwa na harusi, niliona magari yenye maua, nilisikia vijiko kwenye sahani. Lakini muziki, kimya. Damu ikanichemka. Ubeid mwanaharamu yule! Amepata barua, amejua ofisa anakuja kupima, amezima.

"Anakudanganya huyo!" nikamwambia Aaron. "Kaa hapo hapo. Mpaka awashe."

Aaron akakaa nyuma kabisa, kibegi chini ya kiti, akiniangalia kwa huruma. Nikadhani ananihurumia kwa kuonewa.

Saa tisa na nusu Ubeid mwenyewe akaingia turubaini. Kanzu nyeupe, kofia, nyuma yake watu wawili wamebeba sinia za pilau kwa ajili ya waliokaa. Watu wakampisha. Akavuta kiti akakaa karibu yangu, upande wa sikio zima. Mimi namngoja aseme kitu nimrarue.

"Mzee Isi," akasema taratibu, "barua ya kikao niliipata. Lakini hayo tuyaache. Mimi na wewe ni majirani. Nimewaambia wenye harusi, ukuta wa pili kuna msiba, wamekubali kula kimya kimya. Hakuna mtu atakayewasha kitu kwangu leo, wala Jumapili ijayo."

Nilisikia msiba, nikadhani ni maneno yake ya kejeli. Nikageuka. Kumbe macho yake mekundu.

"Tulikuwa tunacheza naye kwenye yale marobota," akasema. "Mimi na Angela. Alinifundisha baiskeli. Mzee, mwili wake unafika lini?"

"Mwili," nikasema.

Nikaangalia mbele yangu, nikaona kilichokuwa wazi tangu saa tano. Turubai bila spika wala mapambo. Mikeka barazani, kina mama wamenyoosha miguu, khanga zimefungwa kiunoni. Mafiga. Pole, pole, pole. Haya ni matanga, jamani. Mimi mwenyewe nimeyalipia, mimi mwenyewe nimeyapokelea pole, na kwa mdomo wangu mwenyewe nimemuua mtoto wangu.

Nikafungua mdomo. Sitadanganya: sikuufungua haraka. Nilijua nikisema tu, watasimama. Watakunja mikeka, Chiku atabeba sufuria yake, Abdulrazak atakuja kuchukua viti, na mimi nitaingia ndani kwenye ndoo zangu. Nikataka dakika moja zaidi, basi. Na saa ilikuwa inakaribia kumi. Nikajiambia leo ukumbi umezima, kumetulia, Angela anaweza kupiga. Akipiga wataona wenyewe yuko hai, tutacheka wote.

Wakati nawaza hivyo, Candida akapiga ukelele. Alikuwa mkekani na simu yake mkononi. Aliitupa utadhani imemuunguza, akajishika kifua.

"Yesu wangu! Angela! Angela ananitumia sauti!"

Watu wakasimama. Kina mama wakaanza kuita majina ya watakatifu na wengine wakavuta dua. Ubeid akainama akaiokota simu, akaitazama, akanitazama mimi, na nadhani alibonyeza tu kwa kuchanganyikiwa. Simu ya Candida ina sauti kubwa, ya dukani. Na mtaa mzima ulikuwa umenyamaza.

"Shikamoo, shangazi Candida." Ilikuwa sauti ya mwanangu, safi, karibu kabisa, sijaisikia hivyo miezi saba. "Kaka Heriel amenitumia ujumbe wako kutoka Moshi. Kwamba tumepata msiba wa Mzee Isidori, turubai limeshafungwa. Nimeusoma mara tano, shangazi." Akalia. Tulimsikia akilia, tukamsikia akipenga. "Mimi sitaweza kuja. Nilikuja kwa mama, nilivyorudi huku nikakuta zamu zangu nusu wamempa mtu mwingine. Kwa hiyo msinisubiri. Mpelekeni Rombo akalale na mama. Heriel atanirushia video."

Hapo akanyamaza. Nikadhani imekwisha. Ubeid alikuwa anahangaika kuizima na vidole vinateleza.

"Shangazi, kuna kitu lazima nimwambie mtu. Zile Jumapili, nilikuwa namwambia baba simsikii, kuna kelele. Nilikuwa namsikia. Nilikuwa namsikia vizuri tu. Kila wiki ananiuliza nakuja lini, na mimi nilikuwa sina la kumjibu. Ukumbi ulivyofunguliwa nilishukuru. Mungu anisamehe, shangazi, nilishukuru."

Ikakatika.

Hakuna aliyenitazama. Watu zaidi ya hamsini, wote wanaangalia chini, hata wapagazi. Candida ndiye aliyeongea kwanza, kwa sauti ndogo.

"Niliandika kwenye kundi letu, msiba wa Mzee Isidori. Abdulrazak ndivyo alivyoniambia. Nilimaanisha msiba wako, wewe uliyefiwa. Sikumaanisha wewe ndiye marehemu."

"Najua," nikasema.

Heriel, mtoto wa dada yangu, amesoma huko Moshi ameelewa mjomba amekufa. Angenipigia aulize, lakini nani anampigia simu marehemu? Amemtumia ujumbe mwenye kufiwa.

Nikasimama. Zile kurasa mbili zilikuwa mfuko wa shati, nikaziacha humo humo.

"Jamani, hakuna aliyekufa," nikasema. "Mimi mzima, na Angela mzima, mmemsikia. Hili turubai lilikuwa la kikao. Nilitaka tukae tuseme habari ya kelele za ukumbi. Mlivyonipa pole, nilijua ni pole ya kelele."

Mtu mmoja nyuma akacheka, cheko la ghafla, akafinywa akanyamaza. Chiku alinitazama mdomo wazi, mwiko mkononi. Nilitegemea watukane. Wangekuwa na haki, wamepoteza Jumapili yao. Lakini hawakutukana, wala hawakuondoka. Yule mama wa watu akashusha mwiko akasema kwa sauti ya chini, ile ile ya asubuhi, "Pole, baba." Na safari hii nilijua ni pole ya nini.

Candida alikuwa ameshachukua simu yake, anaandika haraka haraka. Baba yako mzima, mwanangu, tumekosea, baba yako yuko hapa mbele yangu. Akanionyesha. Nikaona vile vialama viwili vinageuka bluu. Ameshasoma.

Aaron akasogea, kibegi kifuani. Akaniuliza kwa upole kama malalamiko yangu bado yapo. Kisheria, alisema, kiwanja bado kimeandikwa bohari, ukumbi unaweza kufungwa wiki hii hii. Ubeid alisikia. Hakujitetea, alikaa tu na mikono magotini.

Sikumjibu Aaron, maana simu yangu ililia.

Nilikuwa nimeiwasha baada ya kanisa nikaiweka mfukoni pamoja na zile karatasi. Saa kumi kamili, sawasawa kama zamani. Kwenye kioo pameandikwa Angela. Miezi saba nimekaa dirishani nikiingoja simu hiyo, nimeandika barua tatu, nimemchukia mtoto wa jirani, nimekodi turubai. Na kimya nilichokuwa nakitaka ndicho hiki, kimejaa mtaa mzima, unasikia hata mkaa unavyolia chini ya sufuria. Watu wote wananitazama nipokee.

Ningemwambia nini? Kwamba nimekusikia? Kwamba watu wa Kariakoo wote wamekusikia? Na yeye angeniambia nini, mtoto wa watu, asubuhi yote hiyo, kabla hajaingia kazini kuwaogesha wazee? Angelia. Angesema nisamehe baba, nami ningesema nimekusamehe, halafu tungebaki hivyo, mimi na yeye na hicho kimya, na swali langu lile lile. Sina jingine. Mimi sijui kuzungumza na mwanangu bila kumuuliza anakuja lini.

Ikalia, ikakatika. Ikaanza tena.

"Ubeid," nikasema.

"Naam, mzee."

"Washa."

"Niwashe nini?"

"Mziki wako. Washa, na uweke sauti yote."

Alinitazama. Akanyanyuka akakimbia na kanzu yake kaishika mkononi, akapotelea mlangoni kwake. Simu inalia. Chiku analia. Nikahesabu milio, mitano, sita, saba. Kisha ukuta ukatikisika, zile spika nne zikaamka kwa pamoja, turubai likatetema juu ya vichwa vyetu, na huko ndani wenye harusi, waliokuwa wamekula kimya mchana kutwa kwa ajili yangu, wakapiga vigelegele.

Nikapokea. Nikaiweka kwenye sikio la kulia, lile zima, nikaibana kabisa.

"Baba? Baba, ni wewe? Baba, unanisikia?"

Nilikuwa namsikia. Nilisikia mpaka pumzi zake, na nyuma yake bomba la maji lililoachwa wazi.

"Angela," nikasema kwa nguvu, "sikusikii, mwanangu. Huku kuna kelele. Utanipigia Jumapili."